Marudio au toleo asilia? Unachonunua hasa unapokusanya katuni za zamani

Aprili 2024 nakala moja ya Action Comics namba 1, jarida la Marekani lililomtambulisha Superman, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Habari ya namna hii ikitoka, watu hufungua masanduku ya zamani, na wapo wanaolikuta humo jarida lenye jalada lile lile: Superman amenyanyua gari, tarehe Juni 1938, bei senti 10. Kisha wanaambiwa walicho nacho ni marudio yaliyochapishwa miongo kadhaa baadaye, na maswali yanaanza. Mbona tarehe ni ya 1938? Marudio ndiyo bandia? Kama hadithi ni ile ile, tofauti ya mamilioni inatoka wapi? Na mtu anayetaka tu kuzisoma hadithi hizo anunue kipi?

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na neno "toleo", ambalo tumelibebesha mizigo mingi mno. Tuipange.

Toleo asilia ni jarida lililouzwa mara ya kwanza hadithi ilipotoka: pini mbili mgongoni, karatasi ya gazeti, matangazo, pengine na barua za wasomaji. Jarida hilo likiisha na mchapishaji akaliongeza mara moja kwa namba ile ile, tunapata chapa ya pili, ya tatu na kuendelea. Marudio ni hadithi ya zamani iliyowekwa ndani ya jarida jipya, mara nyingi lenye jina jingine. Marvel Tales, kwa mfano, lilianza mwaka 1964 na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzirudia hadithi za Spider-Man. Mkusanyo ni kitabu kinachounganisha matoleo mengi chini ya jalada moja. Marvel, mchapishaji mkubwa wa katuni Marekani, ilianza mfululizo wake wa Masterworks mwaka 1987, na mshindani wake DC, mchapishaji wa Superman, ikaanza Archive Editions mwaka 1989. Mwisho ni faksimili: jarida jipya lililotengenezwa lifanane na la asili ukurasa kwa ukurasa, pamoja na matangazo yake.

Fikiria cheti cha kuzaliwa. Kopi yake ina kila neno lililomo kwenye cheti chenyewe, na ukitaka kujua tarehe yako ya kuzaliwa inakutosha kabisa. Lakini kuna shughuli ambayo kopi haiwezi kuifanya hata ikiwa safi kuliko cheti. Anayelipa mamilioni kwa Action Comics namba 1 hanunui hadithi, kwa sababu hadithi hiyo inapatikana kwa bei ya kitabu cha kawaida. Ananunua karatasi iliyokuwapo mwaka 1938 na ikanusurika, na zilizonusurika ni chache mno. Wakati huo majarida haya yalikuwa vitu vya kusomwa na kutupwa, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi nyingi za zamani zilikusanywa nchini Marekani ili zitumike upya.

Marudio yaliyotolewa na mwenye haki si bandia. Bandia ni chapa iliyotolewa bila idhini, au chapa halali ambayo mtu ameiondolea alama zake ili iuzwe kama ya kwanza. Hilo la pili ndilo lililotokea kwa Action Comics namba 1. Mwaka 1974 DC ilitoa marudio yake katika mfululizo ulioitwa Famous First Edition: jarida zima la 1938, na jalada lake na matangazo yake, likiwa limefungwa ndani ya jalada la nje la karatasi nene lililosema wazi kuwa hili ni marudio. Ukilivua jalada la nje, kinachobaki kinasema Juni 1938 na senti 10. Watu walilivua. Lakini kuna kitu hawakuweza kukivua, nacho ni ukubwa. Marudio ya 1974 yana upana wa sentimita 25 hivi na urefu wa sentimita 34 hivi. Jarida la asili lina upana usiofika sentimita 20, na urefu wa 26 au 27. Rula ya mwanafunzi inatosha kumaliza mjadala.

Upande wa pili wa sarafu husahaulika: jarida la zamani kweli, lenye namba yake sahihi, linaweza kuwa na hadithi za marudio ndani. Jarida la Marvel liitwalo X-Men halikuuzwa vizuri mwishoni mwa miaka ya 1960, na kuanzia namba 67 ya Desemba 1970 hadi namba 93 ya 1975 lilijazwa hadithi zilizokwisha kutoka. Hadithi mpya zilirudi na namba 94. Kwa hiyo mtu anayejaza mapengo ya mfululizo huo kwa ajili ya kusoma anaweza kulipia majarida 27 ambayo hadithi zake tayari anazo. Anayekusanya mfululizo kama kitu atayataka hata hivyo, na ana haki.

Kulisoma jarida kama hati

Anza na yale maandishi madogo ambayo watu huyaruka, yaliyo chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada la mbele. Humo ndimo mchapishaji anapoandika jina rasmi la jarida, namba, mwezi na mwaka. Faksimili na marudio mengi hujitaja hapo. Tatizo ni kwamba mengine yamenakili hata maandishi haya kutoka kwenye toleo la asili, ndiyo maana hatua hii haitoshi peke yake.

Tazama bei. Kwa Marvel na DC jarida la kawaida liliuzwa senti 10 hadi mwishoni mwa 1961, likapanda hadi 12, kisha 15 mwaka 1969, 20 mwanzoni mwa miaka ya 1970, 25 mwaka 1974, 30 mwaka 1976 na 35 mwaka 1977. Jarida linalodai kuwa la 1962 huku likiwa na bei ya dola nzima limejieleza lenyewe. Jalada lisilo na bei kabisa nalo lina maelezo yake: mwaka 1966 marudio ya Fantastic Four namba 1, The Amazing Spider-Man namba 1 na mengine mawili yaliuzwa pamoja na sahani za santuri, na majalada yake hayakuwekwa bei.

Msimbo wa mistari, ule unaosomwa na mashine ya dukani, ulianza kuonekana kwenye majalada ya katuni za Marekani mwaka 1976. Ukiuona kwenye jarida linalodai kuwa la kabla ya hapo, simama.

Wakati mwingine bei na msimbo husomwa pamoja. Star Wars namba 1 ya Marvel, ya 1977, iliuzwa kwa senti 30, na katika maeneo machache ilijaribiwa kwa senti 35. Nakala hizo za majaribio ni adimu na ghali. Lakini marudio ya jarida hilo hilo nayo yaliuzwa kwa senti 35, na ni mengi. Katika nakala adimu bei imo ndani ya kisanduku cha mraba na msimbo una mistari yake kamili. Katika marudio utakuta bei ndani ya umbo la almasi, au mahali pa msimbo pakiwa patupu, au neno la kuonyesha ni marudio. Tofauti ya umbo dogo kwenye kona ya jalada ndiyo tofauti kati ya jarida la kawaida na jarida ambalo mtu amelitafuta miaka kumi, na muuzaji anayepiga picha ya kona ile kwa ukungu anastahili kuombwa picha nyingine.

Classics Illustrated, mfululizo wa riwaya maarufu zilizogeuzwa katuni, ina desturi ya peke yake, na huwachanganya hata wazoefu. Mfululizo huu ulianza mwaka 1941 kwa jina la Classic Comics na kubadilishwa jina mwaka 1947. Namba zake zilichapwa tena na tena kwa miaka mingi huku tarehe ya mwanzo ikiachwa pale pale. Kinachosema ukweli ni orodha ya matoleo ya kuagiza, kwa kawaida kwenye jalada la nyuma. Tafuta namba kubwa kuliko zote katika orodha hiyo. Kama jarida ni namba 20 na orodha inaishia namba 150, jarida hilo lilichapwa baada ya namba 150 kuwapo au kukaribia, hata kama ndani limeandikwa miaka ya 1940. Orodha inayoishia karibu na namba ya jarida lenyewe ndiyo inayokupeleka kwenye chapa ya kwanza.

Kipimo cha mwisho ni lenzi ya kukuza mara kumi. Katika jarida la asili, mistari myeusi na herufi ni wino mzima, na nukta zipo kwenye rangi tu. Mtu akipiga picha ukurasa uliokwisha kuchapwa na kuuchapa upya, mara nyingi hata mstari mweusi hugeuka nukta, na herufi hupoteza kingo zake. Marudio halali yaliyosafishwa vizuri yanaweza kuwa na mistari mizima pia, kwa hiyo lenzi inaweza kukuthibitishia nakala mbaya, lakini haitoshi kukuhakikishia nakala njema.

Hadithi ni ile ile kweli?

Hapa ndipo wengi wanaosema "mimi nasoma tu, marudio yananitosha" wanapopaswa kusikiliza kidogo.

Rangi za katuni za zamani zilipangwa kwa kuhesabu. Kulikuwa na samawati, nyekundu ya waridi na njano, na kila moja ilitumika kwa viwango vinne: bila rangi, robo, nusu, au kamili. Nne mara nne mara nne ni rangi 64, pamoja na nyeusi ya mistari. Zilichaguliwa na watu waliojua kuwa zitaangukia karatasi ya gazeti, yenye ukijivu na inayonyonya wino. Chukua viwango vile vile uviweke kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, na njano inapiga kelele, nyekundu inaumiza macho. Rangi ile ile ukiipaka kwenye gunia na kwenye sahani nyeupe, huoni kitu kimoja. Baadhi ya wachapishaji wa mikusanyo hulirekebisha kwa kutumia karatasi isiyong'aa au kupunguza ukali wa rangi. Wengine hupaka rangi upya kabisa, na vivuli vya kompyuta ambavyo mchoraji hakuviwazia. Marvel ilipoanza mfululizo wa Essential mwaka 1996 na DC Showcase Presents mwaka 2005, zilikwepa tatizo kwa kuchapa nyeusi na nyeupe kwenye karatasi rahisi. Zilikuwa nene, za bei ndogo, na mistari ya wachoraji ilionekana vizuri ajabu.

Mistari nayo ina historia. Filamu za kuchapishia na michoro ya asili mara nyingi zilipotea au kutupwa, hivyo mchapishaji wa mkusanyo hulazimika kuanza na jarida lililochapwa. Greg Theakston alibuni njia ya kuondoa rangi kwa kemikali kutoka kwenye ukurasa wa jarida la zamani hadi ibaki mistari myeusi tu, kisha mistari hiyo ikapigwa picha na kupakwa rangi upya. Njia hiyo, iliyopewa jina lake, ilitumika katika mikusanyo mingi, na iliangamiza nakala za asili zilizotumika. Pale ambapo mistari ilikosekana, mtu aliichora tena juu ya nakala hafifu, na hapo uso wa mhusika unaweza kuonekana mgeni kidogo. Ukiona mstari mzito, wa unene mmoja, usio na pumzi ya brashi, ujue huenda mkono uliouchora si wa mchoraji unayemsifu.

Maudhui pia hubadilika, wakati mwingine kwa upande usioutarajia. Hadithi ya Carl Barks, mchoraji wa katuni za Disney, kuhusu bata tajiri Uncle Scrooge kurudi Klondike ilitoka mwaka 1953 ikiwa imekatwa kurasa kadhaa ambazo wahariri hawakuzipenda. Miongo baadaye kurasa hizo zilirudishwa katika mikusanyo. Anayemiliki toleo asilia ana kitu cha thamani, lakini anayesoma marudio ndiye mwenye hadithi kamili. Kwa Tintin, mhusika wa katuni za Ubelgiji, mambo yanakwenda mbali zaidi: kisa cha kisiwa cheusi kilitoka kama kitabu cha nyeusi na nyeupe mwaka 1938, kikapakwa rangi mwaka 1943, na kikachorwa upya chote mwaka 1966 kwa sababu mchapishaji wa Uingereza aliona mandhari yake ya Uingereza yamepitwa na yana makosa. Anayesema amesoma kisa hicho hana budi kuulizwa: kipi kati ya hivyo vitatu?

Kisha kuna vinavyokosekana. Mkusanyo wa kawaida huacha matangazo na barua za wasomaji, na barua ndizo zinazoonyesha watu walivyoipokea hadithi mwezi ule ule. Haki za kisheria nazo hufunga milango. Rom, mfululizo wa Marvel wa majarida 75 kati ya 1979 na 1986, ulihusu mhusika aliyetoka kwenye mwanasesere wa kampuni nyingine, na kwa miongo kadhaa haukuweza kukusanywa. Master of Kung Fu ilikwama kwa sababu ya mhusika wa kuazima hadi mwaka 2016. Kwa muda wote huo njia pekee halali ya kuzisoma ilikuwa majarida yenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuagiza mkusanyo ni vizuri kuisoma orodha ya yaliyomo kwa namba za majarida, maana jina la jalada na neno "kamili" havitoshi. Angalia hasa kama hadithi iliyoanzia katika jarida moja na kumalizikia katika jingine imechukuliwa yote.

Toleo asilia lina mitego yake

Hali ya jarida hupimwa kwa kipimo cha 0.5 hadi 10. Kampuni ya CGC, iliyoanza kazi mwaka 2000, hupima jarida na kulifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Lebo ya bluu ni ya kawaida, ya zambarau inaonyesha limefanyiwa matengenezo kama vile kupakwa rangi au kuongezwa karatasi, na ya kijani inaonyesha kasoro ambayo inahitaji kuelezwa peke yake. Kasha hilo linalinda thamani. Pia linakuzuia kusoma, jambo ambalo mnunuzi wa kwanza hulikumbuka akiwa amekwisha kulipa.

Kwa jarida lisilo kwenye kasha, hesabu kurasa kabla ya chochote. Jarida la kawaida la miaka ya 1970 lina kurasa 32 bila jalada. La mwaka 1938 kama Action Comics lina 64. Karatasi zimekunjwa katikati na kuingiliana, kila moja ikitoa kurasa nne, kwa hiyo ukurasa mmoja ukiwa umelegea, tazama mwenzake upande wa pili wa pini: huenda hayupo. Kurasa za katikati kabisa ndizo hutoka kwanza. Kisha tafuta matundu ya mkasi. Mwaka 1974 Marvel ilianza kuchapa stempu ndogo za kukata ndani ya majarida, na watoto walizikata kama walivyoambiwa. The Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974, jarida linalotafutwa sana kwa sababu ndimo Wolverine, shujaa wa X-Men, anapotokea kikamilifu kwa mara ya kwanza, lina stempu kama hiyo. Nakala isiyo nayo hushuka bei vibaya hata ikiwa jalada linang'aa. Kuna nakala ambazo stempu imerudishwa kutoka jarida jingine, na hayo ni matengenezo yanayopaswa kutajwa na muuzaji.

Uzee peke yake hauleti bei. X-Men namba 1 ya 1991 iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, na watu wengi walizihifadhi vizuri wakitumaini zitapanda. Kwa kuwa kila mtu alihifadhi, hakuna aliyekosa. Kinyume chake, chapa ya pili au ya tatu iliyotolewa kwa idadi ndogo inaweza kuwa adimu kuliko ya kwanza, na mikusanyo minene iliyoisha sokoni huuzwa kwa bei kubwa kuliko ya awali. Hiyo ya mwisho ni bei ya mpito. Mchapishaji akiirudisha kiwandani, inaporomoka ndani ya wiki chache, na aliyenunua kwa pupa ndiye hubeba hasara.

Njia inayofaa wasomaji wengi, kwa mtazamo wangu, ni kuanza na mkusanyo wa karatasi isiyong'aa, usome mfululizo mzima, na ujue ni majarida gani mawili au matatu yaliyokugusa. Hayo ndiyo ya kununua kama toleo asilia, kwa kiwango cha 2.0 hadi 4.0: yamechakaa, yana mikunjo, lakini kurasa zote zipo. Tofauti ya bei kati ya nakala hiyo na ile ya 9.0 ni kubwa kupita kiasi kwa mtu anayekusudia kulifungua. Kama jarida lenyewe haliwezekani kabisa, faksimili inakupa matangazo na mpangilio wa kurasa, na inajitaja waziwazi kuwa ni faksimili.

Utunzaji unatofautiana pia. Karatasi ya gazeti ina lignini, ambayo hugeuka njano kwa mwanga na hewa, na pini hushika kutu kwenye unyevu. Weka jarida kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadibodi isiyo na asidi, lisimame ndani ya sanduku, mbali na jua na sakafu. Mifuko ya polietilini hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Ya Mylar, aina ya plastiki ya poliesta, hudumu muda mrefu zaidi na ni ghali. Angalia upana wa mfuko, kwa sababu majarida ya miaka ya 1940 ni mapana kuliko ya 1960, na ya 1960 ni mapana kuliko ya leo; kona zinazolazimishwa hukunjika. Mkusanyo mnene wa kurasa 800 au 1,000 adui yake ni uzito wake mwenyewe. Ukisimama peke yake rafuni, kurasa hulegea na kuvuta gamu ya mgongo. Uegemezwe pande zote mbili au ulazwe. Ukiwa mpya, ufungue kwanza kurasa chache kutoka mbele na chache kutoka nyuma, ukibonyeza taratibu karibu na mshono hadi ufike katikati, ili mgongo usipasuke mahali pamoja.